Ayani: acha kufuata mpira kwa macho, tazama nyasi

Mtu akiniambia ayani zake, zile fimbo za gofu zenye kichwa cha chuma, hazieleweki, shuti hii inachimba, inayofuata inakwangua kichwa cha mpira, siulizi anashikaje fimbo. Namwomba anioneshe divoti yake, lile kovu linalobaki kwenye nyasi. Mara nyingi huwa limeanza nyuma ya pale mpira ulipokuwa, au halipo kabisa. Makosa yote mawili yana mzazi mmoja: fimbo imefika chini mapema mno. Ikigusa ardhi, umechimba. Isipogusa, inakutana na mpira ikiwa imeshaanza kupanda.

Wachezaji wa PGA Tour, mashindano ya wanagofu wa kulipwa wa Marekani, wakipiga ayani namba 7, kichwa cha fimbo kinagusa mpira kikiwa bado kinashuka, kwa nyuzi 4 hivi. Mpira kwanza, nyasi baadaye. Sisi wa wikiendi tunataka kuunyanyua, basi uzito unabaki mguu wa kulia na bega linaegemea nyuma. Uso wa namba 7 umelazwa nyuzi 30 na ushee. Kazi ya kunyanyua ilishafanyika kiwandani.

Kilichonisaidia kuliko video zote za YouTube ni poda ya mtoto. Chora nayo mstari kwenye nyasi, uanzie katikati ya miguu yako na kwenda mbele yako, ukikata njia ya shabaha. Piga bila mpira, halafu iname uangalie. Nyasi zikatike kuanzia kwenye mstari kuelekea shabaha, na poda ya upande wa nyuma ibaki ilivyo. Sogea kidogo, rudia. Mpira usipokuwepo, hamu ya kuunyanyua nayo haipo, na mwili unajifunza haraka ajabu. Ukizoea, weka mpira juu ya mstari, upige vilevile.

Mstari ukigoma, usikimbilie mikono. Simama uzito ukiwa umeegemea kidogo mguu wa kushoto (kwa anayepigia kulia), na ukimaliza shuti jaribu kuinua mguu wa kulia. Ukiyumba kurudi nyuma, uzito haukuhama. Ni hapo tu.

Tahadhari na mikeka ya plastiki ya uwanja wa mazoezi. Ukichimba nyuma ya mpira, fimbo inateleza juu ya mkeka na mpira unaruka vizuri tu. Unarudi nyumbani umefurahi bure. Kama huna pa kufanyia isipokuwa mkeka, kunja taulo uiweke nyuma ya mpira, umbali wa upana wa kiganja. Ukiigusa, umejua.

Nyasi nazo zina hila. Kikuyu ya Nairobi na nyanda za juu ni nene, inaubeba mpira kama umewekwa kwenye tii, kile kijiti cha kuinulia mpira, hivyo shuti mbovu kidogo inasameheka. Dar wakati wa kiangazi mpira unakaa karibu uchi, na sentimita moja tu nyuma yake unaisikia mpaka kwenye viwiko. Wenzangu wa pwani mkipanda Nairobi, mita 1,700 juu ya bahari, chukueni namba 8, inayopiga karibu zaidi, pale mlipozoea 7, maana hewa ni nyepesi na mpira unakwenda mbali. Na ukiingia kwenye kikuyu ndefu pembeni, namba 5 iache kwenye begi. Majani yale yanaikamata shingo ya fimbo na kuigeuza uso. Toa weji, fimbo fupi ya uso uliolala zaidi, rudi kwenye nyasi fupi za njia.