Mishipa mipya ya damu: kuota ni rahisi, kudumu ndiyo kazi

Seli iliyo mbali na mshipa wa damu kwa zaidi ya mikromita 100 hadi 200 hukosa oksijeni. Ndiyo maana kipande cha tishu chenye unene wa milimita kadhaa huoza katikati hata kama nje kinapendeza. Anayeanza kazi ya kuotesha mishipa midogo ya damu ndani ya jeli maabara huhofia kwamba mishipa haitaota. Itaota. Wasiwasi uwe juu ya wiki ya pili, pale inapoanza kunywea na kukatika.

Tuanze na jeli, maana makosa mengi huzaliwa hapo. Fibrini, protini inayogandisha damu, huwafaa wanaoanza kuliko kolajeni, protini ya tishu unganishi, kwa sababu seli za endotheli, zile zinazotanda ukuta wa ndani wa mshipa, hujipenyeza ndani yake kwa urahisi. Lenga fibrinojeni, malighafi ya fibrini, miligramu 2.5 hadi 5 kwa mililita baada ya kuchanganya. Ikizidi 10, jeli hubana na machipukizi huwa mafupi. Yeyusha fibrinojeni kwenye maji ya chumvi yenye joto la nyuzi 37, uiache itulie. Ukiitikisa itatoa povu na kushikana madonge. Thrombini, kimeng'enya kinachoigandisha, uniti 1 hadi 2 kwa mililita inatosha. Ukishaiweka, mimina haraka, kwani jeli ikianza kuganda huku bado unaisukuma kwa pipeti, nyuzi zake hukatika na baadaye utaona mapengo yasiyo na mshipa hata mmoja. Iache ndani ya inkubeta yenye unyevu dakika 15 hadi 30 kabla ya kuongeza kirutubishi, yaani maji ya kulisha seli.

Kwa upande wa seli, zile za endotheli zitokanazo na mshipa wa kitovu zinafaa, lakini zisivuke kizazi cha 6, yaani zisihamishiwe chombo kipya zaidi ya mara 6. Zilizozeeka hutambaa bila kutengeneza uwazi wa ndani. Weka milioni 5 hadi 8 kwa mililita, pamoja na fibroblasti (seli za tishu unganishi) au perisaiti (seli zinazouzunguka mshipa kwa nje), moja kwa kila seli tano za endotheli. Usiziache hizi wasaidizi. Mwaka 2004 kundi la mtafiti Rakesh Jain kule Boston lilionyesha kwamba mishipa ya seli za endotheli peke yake hunywea ndani ya panya, ilhali iliyopewa seli za kuishikilia ilidumu mwaka mzima. Fibroblasti zikizidi, jeli hujikunja na kubanduka ukingoni. Na kwa kuwa seli huila fibrini taratibu, ongeza aprotinini, dawa inayozuia ulaji huo, kwenye kirutubishi, la sivyo utakuta jeli imegeuka maji.

Sasa VEGF, protini inayoamsha mishipa kuota. Nanogramu 50 kwa mililita zinatosha kuchochea uotaji. Kishawishi cha kuongeza dozi ni kikubwa, na hapa tunasema wazi: usifanye hivyo. VEGF ikizidi, seli hulegeza viungo vyao na mishipa huwa mipana, iliyopinda, inayovuja. Mpangilio wa muda una uzito kuliko wingi. Kundi la mtafiti David Mooney lilithibitisha mwaka 2001 kwamba VEGF ikitangulia na PDGF, protini nyingine ya ukuaji, ikafuata polepole kutoka kwenye kiunzi kilekile (umbo la kubebea seli), mishipa hukomaa kuliko ikipewa kimoja tu. PDGF ndiyo inayoziita perisaiti zije kuukumbatia ukuta.

Uwazi ukishaonekana, kwa kawaida kati ya siku ya 4 na ya 7, anza mtiririko. Mshipa usiopitisha kitu hujifunga. Tofauti ya kimo cha maji ya milimita chache kati ya upande mmoja na mwingine inatosha mwanzoni. Panda kidogo kidogo kwa siku kadhaa, maana ukianza kwa nguvu seli zitabanduka. Mapovu ya hewa ni adui mkubwa kuliko watu wanavyodhani: povu moja likipita huung'oa ukuta wote. Pasha kirutubishi joto na ukitoe hewa kabla ya kukiingiza.

Picha nzuri ya hadubini si ushahidi kwamba damu itapita. Pitisha dekstrani inayong'aa (molekuli ndefu za sukari zilizotiwa rangi) ya uzito wa kilodaltoni 70 ndani ya mishipa. Ikibaki ndani, ukuta ni mzima. Ikisambaa kote mara moja, rudi kwenye dozi ya VEGF na idadi ya perisaiti.

Kupandikiza kuna mtihani wake. Hata mtandao mzuri huhitaji siku kadhaa kuungana na mishipa ya mwenyeji, na katikati ya kipande ndiko kunakofa kwanza, kwa hiyo anza na kipande chembamba. Kwa seli za binadamu tumia panya wasio na kinga ya mwili. Na ukilenga kumtibu mgonjwa mwenye mguu unaokosa damu, kama ateri kubwa ya juu imeziba, kapilari mpya (mishipa midogo kabisa) hazitaokoa mguu, kwani hakuna damu ya kuzifikia. Hapo njia kuu ifunguliwe kwanza. Kabla ya kukitoa kipande ndani ya panya, dunga kwenye mshipa wa mkia wake lektini ya UEA-1 yenye rangi, protini ambayo hushika endotheli ya binadamu na kuiacha ya panya. Mishipa itakayong'aa ni ile tu ambayo damu imeifikia, na hiyo ndiyo ya kuhesabu.