Minervali (ada ya shule) yangu na mafundi 14 wa kambo (babu) wako

Lubumbashi, Katuba

Mwanangu,

Barua yako nimeipata kwa yule dereva wa Kolwezi. Niliisoma nimesimama, kisha nikaketi nikaisoma tena. Unasema tangu kilio cha kambo wako, baba yangu, hulali vizuri. Ulihesabu wanaume 14 waliosimama mmoja mmoja chini ya hema, kila mmoja na neno lile lile: "Mimi fundi alinifundisha kazi bure." Halafu unaniuliza swali ambalo naona umelitafuna siku nyingi: "Mama, wewe uliacha shule mwaka wa tatu wa sekondari. Si ni minervali yako waliyokula wale 14? Na ulimsamehe?"

Nitakujibu, lakini uniache nianzie mbali. Uzuri wa barua ni kwamba huwezi kunikatiza.

Wewe ulimjua akiwa mzee wa chini ya mwembe, na redio yake na miwani iliyofungwa kwa waya. Mimi nilimjua akirudi jioni na ovaroli ya bluu, mikono inanuka mafuta ya mashine hata baada ya sabuni mara tatu. Alizaliwa mwaka 1944 upande wa Kasenga, akaletwa hapa mji ukiwa bado unaitwa Elisabethville, na kazi ya chuma akajifunza kwa Wasalesiani wa Kafubu. Baadaye akaingia karakana moja iliyokuwa ikitengeneza vipuri vya migodi na reli. Jina la karakana siliandiki, unalijua.

Kazi yake ilikuwa kukereza. Wewe ni soudeur, fundi wa kuchomelea, unaelewa, lakini wadogo zako hawajawahi kuona, kwa hiyo uwaeleze: chuma kinafungwa kwenye mashine, kinazunguka, kisu kinakisogelea taratibu, na chuma kinachunwa kama ganda la kiazi, linatoka refu, limejikunja, rangi ya buluu kwa joto. Alikuwa akipitisha kidole juu ya ekseli na kusema, "Hapa imezidi kidogo." Nilidhani anajisifu. Siku moja nikachukua kipimo chake kwa siri nikapima. Ilikuwa imezidi.

Mtakatifu wa wafua vyuma ni Eloi, sikukuu yake tarehe 1 Desemba, na siku hiyo hakuna mtu aliyeruhusiwa kumtuma kazi. Timu yake ya mpira ilikuwa Saint-Éloi Lupopo, kwa sababu ya jina hilo la mtakatifu na kwa sababu ni timu ya watu wa reli. Mwaka 1967 na 1968 wapinzani wao Englebert, ambao leo ni Mazembe, walibeba kombe la Afrika mara mbili mfululizo. Marafiki zake wengi walihama. Yeye alisema mtu hahami baba yake eti kwa sababu baba wa jirani amepata pikipiki.

Nyumbani, yeye na mama yangu walikuwa watu wa Jamaa, chama cha Wakatoliki cha mume na mke, ile iliyoanza kule kwenu Kolwezi kwa Padri Placide Tempels katika miaka ya 1950. Watu wanasimulia mengi juu ya Jamaa, mengine ya kweli. Mimi nasema nilichoona: mshahara ulifika mezani ukiwa pamoja na karatasi yake, mama akausoma, wakaugawa wote wawili. Na mama alipojifungua, baba alisonga bukari, yaani ugali, mwenyewe, mlango wazi, jirani wakicheka. Bukari yake ilikuwa na mabonge. Tulikula.

Sasa tufike kwenye swali lako.

Katikati ya miaka ya 1980 Gécamines, kampuni ya serikali ya migodi, ilikuwa ikitoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka. Mwaka 1994 hazikufika 50,000. Karakana zilizokuwa zikiishi kwa migodi zilikauka pamoja nayo, na ya baba ilikuwa mojawapo. Mshahara ulichelewa mwezi, kisha miwili, kisha ukija hauna maana. Mwaka 1993 serikali ilileta fedha nyingine, zaire mpya, moja kwa zaire milioni tatu za zamani. Hebu fikiria mama yangu kwenye soko la Kenya, mtaa wa hapa Lubumbashi, na mfuko wa noti, anarudi na sombe, majani ya mihogo, na chumvi. Shuleni nako walimu walikuwa hawalipwi, kwa hiyo wazazi waliongezewa prime, pesa ya kuwalipa walimu, juu ya minervali.

Katika miezi hiyo hiyo Wakasai, watu wenye asili ya mkoa wa Kasai, walikuwa wakifukuzwa Likasi na Kolwezi. Maelfu walilala stesheni wakingoja treni. Baba alipanda lori na watu wa parokia kupeleka unga Likasi, akarudi na wavulana wawili, watoto wa fundi aliyewahi kufanya naye kazi. Hakumwuliza mama. Hiyo ndiyo mara ya pekee niliyomsikia mama akimpandishia sauti, na alikuwa na haki. Usiku ule ule akawatandikia.

Hao ndio wa kwanza kati ya 14 wako. Walikuwa hawaendi shule, wanashinda uani, kwa hiyo baba akawafungia etau, kile chuma cha kubania kazi, kwenye kisiki cha mwembe, akawapa tupa na kipande cha chuma kila mmoja. Kazi: fanya uso huu uwe sawa. Basi. Siku tatu wanapiga tupa. Kila jioni anaweka pembe mraba juu ya chuma, anainua kuelekea jua linalozama, na akiona mwanga unapenya chini yake anasema, "Mwanga bado unapita," anawarudishia. Hakuwahi kumpiga mtoto wala kumtukana. Lakini hakuwahi pia kukubali chuma kilichopitisha mwanga, na nakwambia, kuna siku wavulana wale wangependelea fimbo.

Vijana wa mtaa wakaona, wakaja wawili, wakaja watano. Walitengeneza mbabula, yaani majiko ya makaa, kwa mabati ya mapipa, bawaba za milango, pini za bomba la maji la maternite, hospitali ya uzazi, ile pini iliyokuwa inaliwa kila mwaka. Mbabula ziliuzwa. Pini za maternite hazikuuzwa hata moja. Mama mmoja alimletea kuku kwa ajili hiyo, akakataa; mama yangu akatoka nyuma ya nyumba akampokea kuku. Hatukuwa wajinga sote.

Je, walikula minervali yangu? Pesa hakuwapa, hakuwa nazo. Aliwapa vipande vya chuma na saa zake. Ila mvulana anayepiga tupa toka asubuhi anasikia njaa, na saa sita wote walikaa kuzunguka sahani ile ile. Unga ndio ulioila, kama unataka hesabu yangu. Trimestri (muhula) ya pili ya mwaka wa tatu nilirudishwa nyumbani na wenzangu wengine wenye madeni. Nikapita mlangoni na mkoba wangu, baba anamwonyesha mvulana namna ya kushika tupa. Aliniona. Aliniangalia mkoba, akarudi kwenye chuma. Hakusema neno, siku ile wala kesho yake. Sikurudi shule tena. Nilikwenda kujifunza kushona kwa masista.

Kwa hiyo ndiyo, nilikasirika, na haikuwa hasira ya wiki moja. Nilimpikia, nilimfulia, nilimwamkia vizuri kila asubuhi, na nilikasirika. Watu wakimsifu kanisani nilikuwa naangalia viatu vyangu. Kampuni ilipofunga ikamlipa malimbikizo kwa mashine kuukuu ya kukereza badala ya pesa, na nilisema moyoni, sasa atauza, atanirudisha. Hakuuza. Wale 14, saba walijifunza kwenye mashine hiyo.

Kama nilimsamehe, sijui kama neno lenyewe ni hilo. Wewe ulizaliwa, akakupenda, ukapewa jina lake, nikaanza kukuita Tata, yaani Baba, na mtu hawezi kumwita mtoto Tata siku nzima huku amemnunia mwenye jina. Ulipoanza sekondari alisema, "Minervali ya huyu niachie mimi." Nilimwachia. Nilidhani ni mapenzi ya kambo kwa mjukuu, kama kambo wote.

Wiki mbili baada ya kilio nilifungua sanduku lake la zana. Chini ya tupa kulikuwa na daftari la shule, jalada limelowa mafuta. Kurasa za mbele ni vipimo vya pini. Katikati kuna ukurasa wenye jina langu juu, kwa mwandiko wake wa herufi kubwa, na chini yake neno DENI. Halafu mistari 11. Nilihesabu kwa kidole, nikahesabu tena: trimestri mbili zilizobaki za mwaka wangu wa tatu, na tatu tatu za miaka mitatu iliyofuata. Hakukosea hata moja. Mistari tisa imepigwa mstari, na pembeni ya kila mmoja kuna tarehe. Nilizichukua risiti zako za shule nikalinganisha. Ni tarehe zile zile.

Miwili haikupigwa. Ni wakati ule alipougua kifua mara ya kwanza, na mimi nikalipa kwa pesa ya cherehani bila kumwambia.

Unakumbuka siku zake za mwisho, alivyokuwa akinishika mkono na kusema, "Bado mbili"? Shangazi yako alidhani ni vidonge. Wewe ulidhani ana baridi, ukamletea blanketi la pili. Alilisukuma, akasema tena, "Bado mbili," na mimi nikamjibu, ndiyo Baba, nikampangusa uso.

Daftari nimempa dereva pamoja na barua hii na unga wa mihogo. Nimelifunga katika mifuko miwili ya plastiki kwa sababu mvua zimeanza na lori lile linavuja. Usikose kumngoja stesheni ya mabasi Jumamosi.

Mama yako