Jiko jipya: pima tundu kwanza, mengine tutaongea

Jiko langu la kwenye kaunta pleti mbili zimekufa, nataka la pleti nne, lipi zuri? (Uyole)
Vipimo viko wapi jamani? Kila wiki nawaomba. Pima tundu la kaunta, urefu, upana na kina, sio jiko lenyewe, halafu dukani mwambie muuzaji afungue boksi mlinganishe na karatasi ya ndani. Tundu likiwa dogo fundi analiongeza, likiwa kubwa jiko linadumbukia na granaiti hairudi.

La kioo au la stili? (Ilomba)
Stili. Najua kioo kinapendeza, ila sisi tunasonga ugali. Nilikuwa kwa dada yangu tunasongea watu kumi, mmoja kashika sufuria mwingine anasukuma mwiko, vile vyuma vya kukalishia sufuria vinacheza juu ya kioo, mara paa! Kioo chote kikawa punje punje kama mahindi, mpaka ndani ya ugali, tukamwaga wote na watoto wana njaa. Tafuta stili yenye vyuma vizito visivyotikisika, na ujaribu kuvitikisa hapohapo dukani, usione aibu.

Sufuria zangu ni za alumini, jiko la indaksheni litafaa? Na umeme je? (Mafinga)
Halitafaa, la indaksheni linapasha sufuria kwa nguvu ya sumaku. Weka sumaku chini ya sufuria, isiponasa hilo jiko halikuhusu, labda uchukue infraredi ambalo linakubali sufuria yoyote. Umeme piga hesabu mwenyewe: wati 2,000 likiwaka full saa nzima ni uniti 2, kila siku saa moja ni uniti 60 kwa mwezi, sasa kama upo kwenye ile tarifu ya bei nafuu ya uniti 75 kwa mwezi umebakiwa na 15 za taa, friji na pasi, ukivuka bei inapanda. Na hili hamjaniuliza ila nasema: huku kwetu juu maji yanachemka kabla ya nyuzi 100, Mbeya mjini ni kama 94, ndio maana maharage hayaivi haraka hata ubadilishe jiko mara tatu. Nunua presha kuka kwanza. Halafu jiko la umeme lichomekwe ukutani, nimeshaona ekstensheni imeyeyuka ikashikana na kapeti.

Nimenunua jiko la gesi la mtumba kutoka Uingereza, moto ni wa njano na sufuria zinakuwa nyeusi. (Mwanjelwa)
Kule wengi wanatumia gesi asilia ya bomba, ya kwetu ya mtungi ni nyingine, inataka nozeli (vile vichuma vya kutolea gesi) zenye kitundu kidogo zaidi. Badilisha nozeli zote. Fundi akija na sindano anataka kuzitanua, mtoe nje.

Nikibadilisha jiko, mpira wa gesi nao? (Tukuyu)
Ndio, na klipu zake. Ukimaliza paka povu la sabuni kwenye maungio, sio kiberiti!

Jiko jipya limefika, lile la mkaa naweza kulitumia kupasha joto chumbani usiku? (Makete)
Hapana, hapana kabisa. Hata mkaa ulioiva vizuri bila moshi unatoa hewa ya sumu isiyo na harufu, unalala huamki, na Juni na Julai huku watu wanakufa hivyo familia nzima. Dirisha kuliacha wazi kidogo hakukuokoi. Litoe nje leo, ongeza blanketi.