Nyongeza ya mshahara, kukaimu kwa mdomo, na "bosi ananichukia"

Barua za mwezi huu zimetoka zaidi Tabora mjini, Nzega, Kasulu na Kigoma. Zile zinazouliza "nifanye biashara gani nitoke kimaisha" nimeziweka kando, maana safu hii ni ya kazi ya kuajiriwa.

Nina miaka mitatu stoo ya duka la vifaa vya ujenzi hapa Isevya. Mshahara ni uleule. Kila nikimwomba tajiri aniongeze, anasema biashara ngumu. Nifanyeje? (Stoo kipa, Tabora)

Hilo ndilo jibu la kila ombi lisilo na hesabu. Bila shaka ulimwambia maisha yamepanda. Na kwake yamepanda. Acha kuomba kwa shida zako, omba kwa kazi yako.

Chukua mfano wa saruji iliyo mbele yako. Ikitunzwa pakavu hukaa vizuri kama miezi 3. Ikilazwa kwenye sakafu tupu inanyonya unyevu, mifuko ya chini inaganda, na mvua zikianza Novemba hasara inaongezeka. Wiki hii pandisha mifuko juu ya mbao, kama sentimita 15 kutoka sakafuni. Iache mbali na ukuta kwa sentimita 30 hivi. Usipange zaidi ya mifuko 10 kwenda juu, kwa sababu mifuko ya chini hukandamizwa ikashikana. Andika tarehe ya kuingia kwenye kila safu, na iliyotangulia kuingia itangulie kutoka. Halafu hesabu mifuko iliyoharibika leo, iandike daftarini pamoja na tarehe, na urudie hesabu hiyo kila mwisho wa mwezi kwa miezi 3. Tuseme ilikuwa 20 ikawa 3. Zidisha 17 kwa bei ya mfuko mmoja. Ombi lako lianzie hapo.

Yaandike kwenye karatasi moja: kazi unazofanya sasa ambazo hukuajiriwa kuzifanya, hasara uliyozuia kwa shilingi, na kiasi unachoomba. Kiasi kitaje. Anayesema "niongezee chochote" hupewa hichohicho chochote. Nenda asubuhi, hesabu za mwezi zikishafungwa. Usiende Jumamosi duka limejaa mafundi, wala siku tajiri anayosubiri lori lililokwama njiani. Akikataa, muulize: "Nifikishe nini, na kufikia lini, ndipo tuzungumze tena?" Jibu lake liandike palepale akiona.

Akigoma hata kukutajia, karatasi hiyo itakufaa kwa mwajiri mwingine. Ila usianze kununa kaunta. Stoo kipa akinuna, mali ikipungua hata kidogo macho yote yanamgeukia yeye.

Bosi wangu ananichukia. Nifanyeje? (Bila jina, bila mahali)

Barua za namna hii mwezi huu ni tano, na hakuna hata moja inayosema bosi alifanya nini. Niandikie siku, maneno aliyosema, na aliyasema mbele ya nani. Ukishayaandika, huenda ukagundua ni mkali kwa kila mtu, au kwamba anakuonea wewe peke yako. Mambo hayo mawili hayatibiwi kwa dawa moja.

Nafanya kazi hotelini Mwanga, Kigoma. Naingia saa 12 asubuhi, natoka saa 3 usiku, siku sita kwa wiki. Nikiuliza saa za ziada, meneja anasema nina roho ya kulalamika, niwe na mtazamo chanya. (Mhudumu)

Dada, hapo hakuna swali la mtazamo. Hizo ni saa 15. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inaweka saa 9 za kawaida kwa siku na 45 kwa wiki. Ukijumlisha na za ziada, siku moja haiwezi kuzidi saa 12. Saa za ziada huwa kwa makubaliano, hazizidi 50 katika kila wiki nne, na kila moja hulipwa si chini ya mara moja na nusu ya saa ya kawaida. Baada ya saa 5 za kazi mfululizo una haki ya kupumzika dakika 60. Kuanzia saa 2 usiku kuna nyongeza ya asilimia 5 ya kazi ya usiku.

Hesabu yake ni hii. Anayefanya saa 45 kwa wiki hugawanya mshahara wa msingi wa mwezi kwa 195. Kama ni 390,000, saa moja ni 2,000, na ya ziada ni 3,000. Saa 50 za ziada ni 150,000. Piga hesabu kwa mshahara wako uone kinachobaki mezani kwa meneja kila mwezi.

Kuanzia kesho andika kwenye daftari lako saa ya kuingia na saa ya kutoka, kila siku, kwa kalamu. Simu huibiwa. Mhudumu mwenzako wa zamu hiyohiyo naye aandike lake. Baada ya wiki nne mpelekee meneja hesabu kwa maandishi na lugha ya heshima, nakala ubaki nayo. Akikaidi, nenda kwa Afisa Kazi wa mkoa. Pia watu wa hoteli mna chama, CHODAWU, ingawa wengi mnakikumbuka siku ya kufukuzwa. Mgogoro wa malipo hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 60, wa kuachishwa kazi ndani ya siku 30. Watu wengi wenye haki kabisa hukwama kwa sababu walikaa miezi minne "wakisubiri mambo yapoe".

Na ninyi mameneja mnaosoma: mtu aliyesimama saa 15 hawezi kumchekea mgeni, hata umpe semina ngapi.

Nakaimu nafasi ya mganga mfawidhi wa zahanati wilayani Uvinza, mwaka wa pili sasa. Niliambiwa kwa mdomo. Wenzangu wa mwaka mmoja nami wameshapanda daraja, mimi bado. (Mtumishi wa afya)

Kwa karatasi zilizopo, ndugu yangu, hukaimu. Unasaidia. Kukaimu ni barua ya mamlaka yenye tarehe ya kuanza, na posho ya kukaimu hufuata barua hiyo. Tena utumishi wa umma hautaki kaimu azidi miezi 6 kwenye nafasi.

Mwandikie Mkurugenzi Mtendaji wa Halmashauri, kupitia kwa Mganga Mkuu wa Wilaya. Taja tarehe uliyoanza, aliyekuagiza na kazi unazofanya: kusaini ripoti za mwezi, kuagiza dawa, kusimamia zamu. Omba upewe barua ya kukaimu au nafasi ijazwe. Peleka nakala mbili masijala, moja igongwe mhuri wa kupokelewa na urudi nayo. Barua iliyokabidhiwa "yule kijana wa ofisini" haijafika.

Kuhusu daraja, omba kuona kama jalada lako lina barua ya kuthibitishwa kazini na nakala za vyeti vyako vyote. Mara nyingi tatizo limelala hapo. Kisha fungua PEPMIS, ule mfumo wa kompyuta wa kupima utendaji wa watumishi wa umma. Wengi wenu mnanakili majukumu ya mwenzenu, mnajaza mwaka ukiisha, na msimamizi anayetakiwa kuyaidhinisha alishahama. Jaza utekelezaji wako kila kazi inapokamilika, kwa idadi. "Nimehudumia wagonjwa" haipimiki. "Kliniki 4 za watoto kila mwezi" inapimika. Na majukumu ya ufawidhi yaingie humo sasa hivi.

Mimi ni katibu muhtasi Nzega. Nisome kozi gani nipande cheo?

Soma kwanza muundo wa maendeleo ya utumishi wa kada yako uone daraja linalofuata linadai cheti gani. Ukishajua, ndipo uende Chuo cha Utumishi wa Umma pale Tabora ukaulize ada. Ukianza na ada unaweza kurudi na stashahada ambayo muundo wako hauitambui.

Ni karani wa mzigo wa dagaa Kibirizi. Kazi nafanya mimi, mwenzangu ndiye anayempelekea bosi taarifa na kusifiwa. (Kigoma)

Mwenzako hajaiba. Ameziba pengo uliloliacha. Kila jioni kabla ya kuondoka mtumie bosi ujumbe wa mistari mitatu: magunia yaliyoingia, yaliyotoka, na tatizo moja na ulivyolitatua. "Yameingia 64, yametoka 50. Mawili yalilowa kwenye boti, nimeyatenga yaanikwe upya asubuhi." Basi. Usimtaje mwenzako, usimseme. Bosi akizoea kuupata kutoka kwako, atakuuliza wewe.

Jifunze na kazi ya pili, hata kama ni kutunza vitabu tu. Ziwa Tanganyika lilipofungwa kwa uvuvi kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti 2024, karani anayejua kuhesabu magunia peke yake hakuwa na cha kuhesabu.

Mkataba wangu wa mradi Kasulu ni wa mwaka mmoja, umeshahuishwa mara tatu, unaisha mwezi wa tisa. Ofisini ni maneno matupu, kila mtu ana tetesi. Nitabakije na moyo wa kazi? (Afisa wa mradi)

Ondoka kwenye vikao vya tetesi. Msalimie kila mtu, kunywa chai yako, na maneno ya "nasikia bajeti imekatwa" yakianza, rudi mezani. Kinachokutafuna ni kutojua, na kutojua hupungua ukiuliza panapohusika. Miezi 3 kabla, andika barua fupi kwa utawala: mkataba utahuishwa au la? Ukijibiwa kwa maandishi kwamba upo uwezekano, itunze barua hiyo. Sheria inatambua matarajio halali ya kuhuishiwa mkataba, lakini lazima uyathibitishe.

Wakati ukingoja, nenda NSSF uombe taarifa ya michango yako. Ni asilimia 20 ya mshahara kila mwezi, sehemu yako na ya mwajiri. Mwezi uliorukwa ni rahisi kuufuatilia mradi ukiwa hai kuliko ofisi ikishafungwa. Likizo yako ya siku 28 nayo ichukue. Watu wanajisifu kutokwenda likizo miaka miwili, halafu wanashangaa kwa nini wanagombana na kila mtu.

Nimechoka. Kesho naacha kazi. (Urambo)

Usiache kesho. Kwa anayelipwa kwa mwezi, notisi ni siku 28, na ukiondoka bila hiyo mwajiri anaweza kukudai. Ujue pia kiinua mgongo cha siku 7 kwa kila mwaka hakimhusu aliyeacha mwenyewe. Andika notisi leo kama umeamua kweli, kisha utumie siku hizo kukabidhi: funguo, vitabu vya risiti ukitaja namba ya mwanzo na ya mwisho, fedha iliyopo, vifaa kimoja kimoja. Orodha iwe nakala mbili, msaini wote wawili kila ukurasa, na usitoke bila nakala yako na cheti cha utumishi. Risiti ikipotea miezi mitatu baadaye, jina la kwanza kutajwa litakuwa la aliyeondoka.