Jibu: Kuzunguka mdomo wa Longonot kwa siku moja ukitokea Nakuru

Habari ndugu. Unasema ulipanda Mlima Longonot, ile volkano ya karibu na Naivasha, ukafika juu ukingoni, magoti yakakataa, ukarudi bila kuzunguka, na sasa unauliza kama ni mazoezi yalikosekana. Mimi pia nilishindwa mara ya kwanza, na sikulaumu miguu. Kwanza niambie: ulianza kupanda saa ngapi?

Toka geti la hifadhi hadi ukingo ni kama kilomita 3 tu, ila kuzunguka kasoko, lile shimo kubwa la volkano, ni zaidi ya 7, halafu ushuke tena zile 3. Kilele chenyewe, mita 2,776, kiko kwenye mzunguko huo, kwa hiyo kazi kubwa inaanza pale wengi wanapodhani wamemaliza. Ukianza saa tano jua linakupiga utosini na kivuli hakuna.

Nilichobadilisha: nilitoka Nakuru alfajiri, matatu hadi Naivasha, nyingine ya kwenda Mai Mahiu, nikashukia Longonot mjini, boda hadi getini. Maji lita 3, maana mlimani hupati hata tone. Leso ya kufunga pua. Lile vumbi la majivu ya volkano, wee!

Kuhusu magoti, kushuka ndiko kunakoyaua. Shika fimbo, hatua fupi, usikimbie kwenye mitaro iliyochimbwa na mvua. Na ukifika ukingoni baada ya saa saba, usizunguke. Kaa, tazama msitu ulio ndani ya kasoko, ule chapati zako, ushuke.

Ada ya kuingia lipia eCitizen, ile tovuti ya huduma za serikali, kabla hujatoka nyumbani.