Gesi ya mtambo haiwaki: usiulishe kwanza

Pole sana, ndugu yangu. Unasema tangu umwage pumba na viporo vya ugali kwa wingi kwenye mtambo wa bayogesi, gesi inatoka lakini haiwaki. Humo ndani vijidudu hutegemeana. Bakteria huvunja chakula, hutoa asidi na haidrojeni. Arkea, vijidudu vingine visivyo bakteria, huchukua elektroni (chembe ndogo za umeme) za haidrojeni hiyo na kuzitia kwenye kabonidioksaidi, ikawa methani, na hiyo ndiyo inayowaka. Arkea hukua polepole mno. Ukizidisha chakula haidrojeni hurundikana, asidi hupanda, nao arkea huzidiwa, methani ikapungua. Acha kulisha siku kadhaa, pH (kipimo cha uasidi) irudi karibu na 7, halafu anza kidogo kidogo na kinyesi kibichi cha ng'ombe: kina arkea wapya.