Nyanya zinanyauka na maji namwagia kila siku

Swali: Dada, kiangazi hiki nyanya zangu zinalegea na kila jioni namwagia, nakosea wapi?

Jibu: Pole jamani, inauma kweli. Hebu chomeka kidole kwenye udongo, kama sentimita 5 chini ni pakavu basi maji yako yanalowesha juu tu na mizizi inabaki huko huko juu inaungua na jua, kwa hiyo acha vijimaji vya kila siku, mwagia mara 2 au 3 kwa wiki ila mengi, taratibu, chini kwenye mizizi, asubuhi mapema. Tandaza nyasi kavu pia, zisiguse shina tu maana litaoza. Na majani yakilegea saa 8 mchana usikimbilie ndoo, subiri jioni, yakisimama yenyewe mmea uko fiti.